Fundi Makochi Akaenda Hifadhini

Shemeji yake alipoambiwa kwamba Fundi anakwenda hifadhini, hakuuliza anakwenda lini, wala hakuuliza nani atabaki na mama. Aliuliza, "Anakwenda na nani?"

Swali hilo likazunguka ukoo mzima kama beseni la kunawia mikono. Kila aliyelipokea aliliongezea lake, na lilipomfikia mwenyewe lilikuwa limeshaota pembe na mkia. Fundi alilisikiliza huku amebana misumari mitatu kati ya midomo. Akaitema kiganjani, akasema, "Nakwenda na miguu yangu," kisha akarudi kwenye kochi lake.

Mtaani walimwita Fundi Makochi, au Fundi tu. Kazi yake ilikuwa kuyavalisha makochi upya: kuyavua nguo zilizochanika, kung'oa misumari yenye kutu, kutoa sponji lililochoka na kuyavika kitambaa kipya mpaka mwenye mali ayapite mlangoni bila kuyatambua. Karakana yake ilikuwa sebule ya nyumba yake mwenyewe. Chumba cha pili alilala mama mkwe wake, Bi Mkubwa, na mlango wa kati ya vyumba hivyo ulikuwa umeng'olewa ili Fundi aweze kumwona akiwa kwenye cherehani.

Bi Mkubwa alipigwa na kiharusi akiwa amesimama jikoni akigombana na sufuria. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda, lakini akili ilibaki palepale, na ulimi, ingawa ulikokota maneno, haukupoteza makali hata kidogo. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza alikuwa na cheo katika kampuni ya bima, na hata ndugu zake walimwita Meneja. Wa pili alikuwa binti, mwenye saluni katikati ya mji; huyu ndiye Wifi. Wa mwisho alikuwa Dereva, mume wa Fundi, aliyeendesha lori la masafa marefu na kuonekana nyumbani kama mvua ya kiangazi. Mama alipotoka hospitali ilikubaliwa akae kwa Dereva kwa muda, "mpaka tujipange." Wakajipanga. Walijipanga mpaka binti pekee wa Fundi akamaliza shule, akapata kazi mji mwingine, akaolewa hukohuko, na bado walikuwa wanajipanga.

Kwa hiyo ni Fundi aliyemgeuza Bi Mkubwa asipate vidonda vya mgongo. Ni yeye aliyemwogesha, akambadilisha nepi, akamlisha kijiko kwa kijiko, akayanyoosha yale mavidole yaliyojikunja kama aliyeshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Kati ya kumgeuza na kumlisha alishona. Wateja walishazoea kumwona akiacha mkasi mezani katikati ya maneno na kukimbilia chumba cha pili.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Watu walimsifu kwa hilo, na sifa hizo zilikuwa kama kamba ya hariri: laini, lakini kamba.

Mambo yaligeuka kwa sababu ya picha.

Jumapili moja Meneja na Wifi walikuja kumwona mama yao. Walikuja na matunda, wakakaa muda wa kunywa chai, wakaomba mama akalishwe kitini wapige naye picha. Bi Mkubwa peke yake hakuweza kukaa wima, akainama upande kama mti uliong'oka. Basi Fundi akasimama nyuma ya kiti, akamshika bega, na picha ikapigwa. Wageni wakaondoka.

Jioni yake Fundi alikuwa akikamua shuka uani simu ilipolia kuashiria ujumbe. Ulikuwa katika kundi la familia la kwenye simu. Picha ilikuwa nzuri. Meneja kulia, Wifi kushoto, mama katikati. Chini yake Meneja alikuwa ameandika: *Tunamshukuru Mungu kwa kutupa nguvu za kumtunza mama yetu mpendwa.* Pongezi zilimiminika kutoka kwa binamu, wajomba, mashangazi, hata watu ambao Fundi hakuwajua. Mmoja aliandika kwamba watoto wa siku hizi wa namna hii hawapatikani tena.

Fundi akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa. Alijitafuta. Picha ilikuwa imekatwa juu na pembeni, na kilichobaki chake ni vidole vinne vilivyoshika bega la Bi Mkubwa, vidole visivyo na mwenyewe.

Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Hakulia. Lakini safari hii hasira hakuimeza, kwa sababu alikuwa amechoka kuimeza.

Sasa, kuhusu hifadhi. Mwaka mmoja kabla ya hapo Fundi alikuwa amepata kazi ya kushona mito ya viti vya nyumba za wageni katika hifadhi ya taifa iliyoko pwani, mwendo wa nusu siku kwa basi, mahali ambapo msitu unateremka hadi kwenye mchanga na wanyama hutoka vichakani wakayaona mawimbi. Aliishona ile mito kwa kitambaa kizito cha kijani. Mzee wa stoo aliyekuja kuichukua aliibonyeza kwa ngumi, akacheka akasema, "Mama, hii lazima siku moja uje uikalie mwenyewe." Ni maneno ya kumfurahisha fundi, kila mteja huyasema. Lakini kitambaa kilipokwisha na karakana ikafagiliwa, maneno hayo hayakufagilika.

Kesho yake baada ya ile picha, Fundi aliipiga namba ya hifadhi aliyoachiwa na mzee wa stoo. Akapokea karani wa kike.

"Nataka nafasi ya kulala, Ijumaa ya wiki ijayo mpaka Jumapili."

"Karibu sana. Mko wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja na nani?"

"Binti yangu, mmoja akiwa na mtu mwingine si wanakuwa wawili?"

Karani akacheka, akaomba radhi. Alimweleza kwamba magari binafsi ni ya wenye nayo, lakini Ijumaa mchana kuna basi la wafanyakazi wa hifadhi linalosubiri njia panda, na mgeni asiye na gari huchukuliwa. Alete nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu na viatu vya kufunika vidole. Asilete chakula chenye harufu kali, kwa sababu ya nyani. Na asitembee bila askari. Fundi alirudia kila neno kwa sauti, kana kwamba anaapishwa.

Alipokata simu, sauti ikatoka chumba cha pili. "Nyani wapi?"

Mlango haukuwepo, siri ingekaa wapi? Fundi akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamweleza Bi Mkubwa yote: mito, bahari, karani. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akamwonyesha na ile picha.

Bi Mkubwa aliiangalia kwa muda mrefu. Jicho lake la kulia lilikuwa likitoka machozi lenyewe siku zote, kwa hiyo haikujulikana kama analia. "Hivi ni vidole vyako," alisema hatimaye.

"Ndiyo, mama."

"Nenda."

"Na wewe je?"

"Mimi nina watoto watatu. Nilipowazaa hakuna aliyenikata kwenye picha." Akapumua, akayakusanya maneno yake. "Waambie waje. Waje wanipanguse. Na mimi niliwapangusa."

Ndipo Fundi alipowapigia. Ndipo lilipozaliwa lile swali la anakwenda na nani. Na ndipo, Jumapili iliyofuata, ulipoitwa mkutano.

Walikaa sebuleni, katikati ya makochi ya watu yaliyovuliwa nguo. Meneja alichagua kochi lenye miguu mitatu na kulazimika kuegemea upande mmoja. Dereva alikuwa njiani, kwa hiyo simu iliwekwa juu ya cherehani na sauti ikafunguliwa, na mngurumo wa lori ukaingia mkutanoni kama mjumbe wa nne.

"Shemeji," Meneja alianza, "sisi hatukukatazi kupumzika."

"Hamwezi kunikataza, shemeji. Basi hapo tumeelewana."

Meneja akakohoa. "Ninachosema ni utaratibu. Mambo haya yanapangwa. Hatuwezi kuamka tu mtu anasema nakwenda kutembea."

"Nimeanza kusema siku kumi kabla. Mama alipoletwa hapa mlinipigia simu gari likiwa mlangoni."

Wifi akaingilia, kucha zake ndefu zikigonga mkono wa kiti. "Wifi yangu, tuseme ukweli. Mwanamke mwenye mume wake anakwenda porini peke yake kufanya nini? Watu watasema. Halafu kule kuna wanyama."

"Wanyama nimewazoea."

Kutoka chumba cha pili ikasikika sauti kama ya mtu aliyepaliwa na maji. Bi Mkubwa alikuwa anacheka.

"Unasikia anavyotujibu?" Wifi aliigeukia simu. "Mwambie mkeo! Mbona umenyamaza?"

Lori likanguruma. Dereva alikuwa mtu mwema, lakini tangu utotoni aliogopa ugomvi wa nduguze kuliko mteremko usio na breki. "Mama watoto," alisema taratibu, "huwezi kusubiri nikarudi?"

"Nikusubiri urudi, au nikusubiri ukae?"

Lori likapunguza mwendo, Dereva akaegesha pembeni ya barabara. Walimsikia akizima injini.

"Kaka," alisema, "dada. Mke wangu anakwenda. Nyinyi mtakaa na mama siku mbili. Kama kuna mwenye neno, aniambie mimi."

Hakuna aliyetegemea hilo, Fundi mwenyewe akiwa wa kwanza. Aliinama akajifanya anatafuta sindano sakafuni, uso wake usionekane.

Basi ikakubaliwa, shingo upande, kwamba Wifi atakuja Ijumaa asubuhi na kulala hapo mpaka Jumapili.

Ijumaa ikafika. Fundi aliamka mapema, akamwogesha Bi Mkubwa, akampaka mafuta mgongoni, akamvisha. Mkoba wake mwenyewe ulikuwa mlangoni tangu jana yake, mdogo, umefungwa kwa kamba ya viti. Wifi hakutokea. Simu yake ilikuwa imezimwa. Jua lilipoanza kuingia sebuleni Fundi alimpigia Meneja.

"Shemeji, mimi niko kwenye kikao," Meneja alinong'ona. "Huyo wifi yako amepata wateja wa harusi. Fanya hivi, ahirisha. Hifadhi haihami. Bahari itakuwa palepale."

Fundi akabaki ameishika simu. Alijua mchezo huu. Hawakuwa na haja ya kumkataza, ilitosha wasitokee. Walijua hawezi kumwacha mgonjwa peke yake, na huo moyo wake ndio walioufanya kufuli. Alikaa juu ya kochi la mteja, jambo ambalo hakulifanya kamwe, na kwa mara ya kwanza alitamani kuvunja kitu.

"Hawaji," Bi Mkubwa alisema kutoka kitandani. "Nimewazaa, nawajua."

"Ndiyo, hawaji."

"Basi wakishindwa kuja, si mtu anapelekwa?"

Fundi akageuka. Mama mkwe wake alikuwa amemtazama kwa jicho moja zima, na upande wa mdomo unaotii ulikuwa umepanda juu.

"Niitie teksi, mwanangu. Na lile gauni langu la maua. Siendi kwa mwanangu kama mgonjwa."

Wakabadilisha gauni. Fundi akapanga dawa, nepi, mafuta, shuka za mpira, kikombe chenye mdomo. Dereva wa teksi, kijana mwenye mabega mapana, alimbeba Bi Mkubwa kama anayebeba kioo cha kabati, na kiti cha magurudumu kikakunjwa nyuma. Njia nzima bibi alitazama nje dirishani. Alikuwa hajauona mji tangu siku aliyotoka hospitali. "Hili ghorofa limeota lini?" aliuliza. "Na ule msikiti wameupaka rangi." Kila kona alikuwa na la kusema, na teksi ilipofika kwa Meneja alionekana kusikitika kwamba safari imekwisha.

Mke wa Meneja ndiye aliyefungua geti. Alimtazama mkwewe ndani ya teksi, akamtazama Fundi, mkono ukamwenda mdomoni. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amewahi kuulizwa chochote, wala yeye hakuwahi kuuliza.

Meneja walimkuta sebuleni kwake, amevaa bukta, miguu juu ya meza, anatazama marudio ya mpira.

"Kikao kinaendeleaje, shemeji?" Fundi aliuliza.

Meneja aliruka kama aliyekalia sindano. Kijana wa teksi akaingia, akauliza amweke wapi mama, na Bi Mkubwa akaonyesha kwa mkono wake mzima kochi jeupe kuliko yote. Akawekwa. Fundi akamkinga kwa mito pande zote mbili, kisha akamwita mke wa Meneja akamwonyesha jikoni dawa zilivyo, na kitandani jinsi ya kumgeuza: mkono mmoja begani, mwingine nyongani, na usimvute ule mkono uliopooza hata akikuambia. Mke huyo alisikiliza kwa makini, akauliza maswali ya maana. Meneja aliwafuata nyuma kutoka chumba hadi chumba, bukta ikimpwaya, akirudia, "Lakini unamwacha hapa? Unamwacha hapa?"

"Hapa si kwa mwanawe?"

"Hili jambo hujalifikiria, shemeji! Nakwambia mbele ya mama: ukitoka mlango huo, usirudi kwenye familia hii!"

Fundi alikuwa ameshaokota mkoba wake. Alisimama mlangoni. Alikuwa mfupi, na Meneja alikuwa mrefu, lakini siku hiyo hakuna aliyeliona hilo.

"Familia ipi, shemeji? Ile ya kwenye picha? Mbona huko mlishanitoa."

Meneja akamgeukia mama yake.

"Nenda, mwanangu, gari lisikuache," Bi Mkubwa alisema kutoka kwenye kochi jeupe. "Na wewe zima hiyo televisheni, uje unigeuze. Nimekalia rimoti."

Basi la wafanyakazi alilikuta likiwasha injini. Alikaa dirishani, na kwa mwendo mrefu hakufurahi hata kidogo. Mikono yake haikujua pa kukaa. Ilikunja ncha ya khanga, ikaikunjua, ikaikunja tena. Aliona vidonda vya mgongo, aliona kijiko kikipita njia mbaya, aliona Bi Mkubwa akikosa pumzi na wale watu wamesimama wanatazamana. Mara mbili alitaka kumwambia dereva wa basi asimamishe. Kilichomzuia si ushujaa. Alikumbuka tu kwamba yeye mwenyewe, siku ya kwanza, hakujua chochote. Alijifunza kwa kuogopa. Waache nao waogope.

Alipofika hifadhini alionyeshwa nyumba yake, kibanda cha mbao juu ya miguu mirefu, na kibarazani kulikuwa na kiti chenye mito ya kijani. Mshono ulikuwa wake. Mto mmoja ulikuwa umechanwa ukatolewa sponji. "Nyani," alisema karani, yule wa kwenye simu, kwa aibu. Fundi akacheka peke yake. Hata huku kazi ilikuwa ikimsubiri. Lakini hakuomba sindano. Alikalia ule mzima.

Usiku huo alishtuka usingizini kila baada ya muda, miguu ikiwa imeshatua sakafuni kabla akili haijaamka, akienda kumgeuza mtu asiyekuwepo.

Asubuhi simu iliita akiwa anakunywa chai. Alikuwa Meneja, na sauti yake ya mikutanoni ilikuwa imekwisha.

"Shemeji, mama hataki kula. Amegoma. Tangu jana usiku anafunga mdomo. Lazima urudi."

"Mpe simu."

Zikasikika hatua, na shuka zikisuguana. "Mama, wanasema huli."

"Nakula vizuri sana," Bi Mkubwa akajibu. "Ila wameniletea msichana wa kazi anilishe. Nimesema atanilisha yeye niliyemlisha. Nangoja."

"Nirudi?"

"Ukirudi leo sikufungulii mlango."

"Mama, wewe huwezi kufungua mlango."

"Ndiyo nakwambia usijisumbue."

Fundi alizima simu. Wakati anaicheka ile habari nyani mmoja akashuka kutoka kwenye paa, akatwaa mkate wake mezani na kukaa ukingoni kuula bila haraka, kama mtu wa nyumbani. Fundi alivua kiatu. Hakumpiga, lakini maneno aliyomwambia yule nyani yalikuwa mengi na ya zamani, na si yote yaliyomhusu nyani. Alipomaliza alimkuta askari wa kike amesimama chini ya ngazi, bunduki begani, anajizuia kucheka.

"Mama, ni wewe uliyeomba kutembezwa?"

"Ni mimi. Umenisikia?"

"Kidogo. Huyo shemeji uliyemtaja ni huyu nyani?"

Wakafuata njia nyembamba ndani ya msitu. Askari alimwonyesha alama za kwato, kinyesi cha tembo kilichokuwa bado na unyevu, ngiri waliopiga magoti wakila majani kama watu wanaosali. Aliuliza Fundi anataka kuona nini hasa. Wageni wengi hutaka simba.

"Tembo, akitokea. Asipotokea sina ugomvi naye. Mimi nimekuja kuwa mahali ambapo hakuna wa kuniita."

Askari aliitikia kwa kichwa. Akamwinulia tawi lililoziba njia, halafu akasema, "Mimi nilipoanza kazi hii, kwetu waliuliza: mwanamke porini, na wanaume, na bunduki? Mpaka leo mjomba wangu hajaja kunisalimia."

"Ukamfanya nini?"

"Sikumfanya kitu. Niko hapa."

Miti ikaachana ghafla, na bahari ikawa mbele yao. Mchanga ulikuwa mtupu pande zote mbili, isipokuwa nyayo za tembo, kubwa kama sinia, zilizotoka msituni zikaenda mpaka majini, zikazunguka, zikarudi. Usiku uliopita kuna mnyama mzima aliyeacha majani na kivuli akaja kusimama pale. Fundi aliweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja, na ukapotea.

"Naruhusiwa kuingia?"

"Mpaka kiunoni. Mimi niko hapa."

Akaingia na nguo zake. Wimbi la kwanza lilimpiga magoti, la pili likamkalisha chini kabisa, maji yakamwingia puani, na alipoinuka alikuwa anapiga kelele. Kwanza zilikuwa kelele za baridi. Halafu zikabadilika. Alipiga kelele kwa nguvu zote, bila maneno, akiielekea bahari, akiitoa miaka yote ile ya kunong'ona ili mgonjwa asiamke. Askari aligeuza uso, akatazama msituni, kama inavyopasa. Fundi alitoka majini akitetemeka, macho mekundu kwa chumvi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nipige picha," alisema, akiwasha simu. "Yote. Kuanzia kichwani mpaka miguuni. Usikate kitu."

Akaituma katika lile kundi la familia. Nywele zimemlala, khanga imemganda, mdomo wazi. Chini akaandika: *Namshukuru Mungu kwa kunipa nguvu.* Kundi likawa kimya kama nyumba ya watu wanaomkwepa mdai. Aliyevunja ukimya alikuwa Dereva, akiwa sijui barabara gani: *Huyo ni mke wangu.* Ikafuata ya mke wa Meneja, ambaye hakuwahi kuandika lolote humo: *Mama amekula. Baba watoto amemlisha mwenyewe.*

Mchana ikanyesha mvua, tembo hawakutokea, na Fundi alilala usingizi mzito mpaka giza. Hiyo ndiyo safari yake yote. Waliomtarajia arudi na hadithi za simba walisikitika.

Jumapili alishuka kwenye basi akaenda moja kwa moja kwake. Meneja alipopiga kuuliza anamfuata mama saa ngapi, alijibu kwamba hamfuati, amuulize mwenyewe. Mwenyewe alikuwa ameshatoa hukumu kutoka kwenye kochi jeupe, ambalo halikuwa jeupe tena: atakaa hapo mpaka mwezi uishe, kisha atakwenda kwa binti yake, kisha atarudi kwa Fundi, na gurudumu litazunguka hivyo mpaka Mungu atakapolisimamisha. Dereva alipofika kutoka safari alikwenda kwa kaka yake, wakazungumza uani mpaka jioni, na akarudi ameafiki.

Si kwamba mambo yalikuwa laini. Mtaani lilizuka jina la mwanaume ambaye Fundi eti alikwenda naye. Walioleta habari hizo aliwauliza kama mwanaume huyo ana pesa, ili angalau ajue amepata hasara kiasi gani. Meneja alimsalimu kwa mkono wa ncha za vidole. Siku za kwanza nyumba ilikuwa kimya mno, na mara kadhaa Fundi alisimama katikati ya kushona, mkasi mkononi, akaenda kwenye kitanda kitupu na kukaa hapo. Alikuwa na hamu naye. Hilo hakulitegemea. Akawa anakwenda kumtembelea jioni, mikono mitupu, kama mtu na mama yake.

Wifi ndiye aliyeshindwa kwanza. Zamu yake haijafika hata nusu, gari lake likasimama mbele ya karakana, Bi Mkubwa akiwa amefungwa mkanda kiti cha mbele. Wifi alishuka, kucha zake zimekatwa fupi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Wifi, nimekuletea mama. Mimi nina saluni, nina wateja. Wewe umeshazoea."

Fundi alitoka akasimama mlangoni. Hakuwa na hasira. Aliutazama uso ule uliochoka akauonea huruma ya kweli, maana aliufahamu, alikuwa ameuvaa mwenyewe miaka mingi. Lakini hakusogea.

"Pole, wifi. Ingia unywe chai, nikuonyeshe namna ya kulala vipande vipande, inasaidia. Halafu mtaondoka. Zamu yako bado."

"Unanifukuzia mama yangu?"

Kioo cha gari kilikuwa wazi. Bi Mkubwa, gauni la maua limemkaa vizuri, alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa anatazama mtaa kwa raha ya mtu aliyetolewa matembezi.

"Chai tutakunywa kwako," alimwambia binti yake. "Geuza gari, twende. Na usipite kwenye mashimo."